Dawa Inapotangulia Jeraha: Fani ya Majaribio ya Korodani za Panya Inavyosomeka Likasi

Anayetaka kuzielewa tafiti za dawa zinazosemwa kuponya korodani zilizoharibika asianze na matokeo. Aanze na vichwa vya makala. Vinafanana mno. Ukivisoma kumi mfululizo utadhani vimetungwa na mtu mmoja: athari za kinga za kitu fulani dhidi ya madhara ya korodani yanayosababishwa na kitu fulani, kwa panya dume. Pengo la kwanza hujazwa na zinki, vitamini E, melatonini, kwasetini, manjano, habasoda, mlonge au asali. Pengo la pili hujazwa na kadimi, risasi, kobalti, dawa za saratani kama sisplatini na methotreksati, au upasuaji wa kuisokota korodani ili damu isiifikie. Panya habadiliki na sentensi haibadiliki. Mshairi wa Kiswahili akiviona vichwa hivi atajua mara moja kwamba yuko mbele ya bahari maalumu ya utungo: vina vimeshapangwa, mizani imeshahesabiwa, na mtunzi mpya ameachiwa uhuru wa kuchagua maneno mawili.

Basi nataka kuisoma kama fani. Uhakiki wetu umezoea kuiuliza riwaya na tamthilia maswali ya muundo: msuko umepangwaje, wakati unakwendaje, nani amepewa nafasi jukwaani, nani ameachwa nje, hitimisho limetokana na kisa au limebandikwa juu yake. Makala ya maabara nayo ni usimulizi. Ina amani ya mwanzo, balaa, mwokozi na mwisho. Wasomaji wengi, wakiwamo waandishi wa habari, huyapokea maudhui yake, yaani kwamba dawa fulani inaponya ugumba, bila kuitazama fani iliyoyazaa. Katika maandishi ya aina hii fani ndiyo inayoamua kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana hata kikiwapo.

Naiweka Likasi mbele ya macho ninaposoma, kwa sababu huko jambo hili si la maabara peke yake. Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, iko Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilomita zipatazo 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, na imezaliwa na shaba. Viwanda vya Shituru vimekuwa vikiyeyusha na kusafisha madini tangu zama za kampuni ya Union Minière hadi za Gécamines. Kambove iko jirani, na Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki, hauko mbali. Maji machafu ya Shituru huingia mto Panda, unaoyapeleka upande wa Lufira na ziwa Tshangalele, ambako watu huvua samaki na kuwala. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, akiwamo Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga. Kwa wale walioishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda, wastani wa kobalti ulikuwa mikrogramu 15.7 kwa kila gramu ya kreatinini. Watafiti waliandika kwamba viwango hivyo ndivyo vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, yaani watu ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa wafanyakazi wa kiwandani. Walikuwamo watoto.

Msomaji wa Likasi, basi, anapokutana na neno kobalti katika pengo la pili la kile kichwa cha habari, anasoma habari ya maji anayokunywa na vumbi lililotanda dirishani kwake. Na anapokutana na zinki katika pengo la kwanza, anasoma jina lililoandikwa kwenye chupa za vidonge vya nguvu za kiume madukani. Kati ya mapengo hayo mawili kuna ndoa yake.

Fani hii ina chanzo kinachojulikana, na chanzo chenyewe ni kazi safi. Mwaka 1956 Jiří Pařízek na mwenzake Záhoř, wakifanya kazi Prague, walichapisha katika jarida la Nature taarifa fupi kwamba chumvi za kadimi huiharibu tishu ya korodani. Mwaka uliofuata Pařízek alitoa makala ndefu zaidi katika Journal of Endocrinology, ambayo kichwa chake kimebeba kisa kizima: uharibifu unaofanywa na ayoni ya kadimi, na jinsi zinki inavyouzuia. Panya alidungwa kadimi chini ya ngozi mara moja tu. Ndani ya muda mfupi korodani zilivimba, zikajaa damu, na tishu yake ikafa; baadaye korodani zikasinyaa. Lakini panya aliyepewa pia zinki, kwa wingi uliopita kadimi mara nyingi, korodani zake zilinusurika.

Ukisoma kwa haraka utasema: tazama, zinki ni dawa. Ukisoma fani utaona jambo lingine. Katika jedwali la elementi, zinki na kadimi zimekaa safu moja, moja juu ya nyingine, na tabia zao za kikemia zinakaribiana. Korodani ni kiungo kinachohitaji zinki. Swali la Pařízek lilikuwa: je, kadimi huua kwa kukikalia kiti cha zinki? Ili kulijibu alimimina zinki tele wakati uleule ili aone kama kiti kitalindwa. Zinki ile ilikuwa hoja iliyoulizwa kwa mwili wa panya, na mwili ukajibu. Haikuwa kidonge kilichokuwa kikitafutiwa mgonjwa. Muundo wa jaribio, wa sumu na kinga kukutana saa ileile, ulifaa kwa swali lile barabara, maana swali lenyewe lilihusu kukutana.

Mwandishi huyohuyo mwaka 1960 aliandika tena, safari hii juu ya kumfanya dume kuwa tasa kwa chumvi za kadimi, na hapo ndipo penye habari ambayo warithi wake wangepaswa kuisoma kwa makini zaidi. Korodani ina wakazi wa aina mbili kwa ufupi: mirija inayotengeneza mbegu, na seli za Leydig zilizo kati ya mirija, zinazotoa homoni ya kiume. Baada ya kadimi, seli za Leydig ziliweza kuota upya na homoni ikarudi. Mirija haikurudi. Dume alibaki na sura na nguvu za dume, na mbegu hana. Mwaka 1963 Gunn, Gould na Anderson walionyesha kwamba kinachopigwa kwanza ni mishipa midogo ya damu ya korodani, na tishu hufa kwa kukosa damu. Kwa hiyo tayari miaka ile ilijulikana kwamba kuzuia ni jambo moja na kuponya ni jambo jingine, na kwamba baina yao kuna mlango unaojifunga.

Kilichofuata, kwa miongo iliyokuja, ni uigaji wa umbo bila swali lake.

Umbo lenyewe ni la vizimba vinne. Kizimba cha kwanza wamo panya wasiopewa kitu ila maji au mafuta. Cha pili wamo waliopewa sumu. Cha tatu wamo waliopewa sumu pamoja na dawa. Cha nne wamo waliopewa dawa peke yake, ili ishuhudiwe kwamba mwokozi mwenyewe hana madhara. Huu ni msuko sahili kabisa, wenye mwisho unaojulikana kabla pazia halijafunguliwa: kizimba cha tatu kitaangukia kati ya cha kwanza na cha pili. Mbegu ni chache kuliko za wazima lakini nyingi kuliko za waliolishwa sumu. Malondialdehidi, kipimo cha mafuta ya seli yaliyoungua kwa oksijeni kali, imepanda kwa kizimba cha pili na kushuka kwa cha tatu. Vimeng'enya vya kujilinda, katalasi na wenzake, vimeshuka kisha vimeinuka. Juu ya kila nguzo ya grafu kuna nyota ndogo inayosema tofauti si ya bahati. Na nyota hizo ni za kweli mara nyingi. Sisemi watu wanadanganya. Ninachosema ni kwamba umbo hili haliwezi kutoa habari nyingine. Karibu kila kitu chenye uwezo wa kuzuia uunguaji wa oksijeni, kikitiwa ndani ya kizimba cha tatu, kitatoa hadithi ileile. Ndiyo maana manjano, asali na melatonini, vitu vitatu visivyofanana asili wala kemia, vimepata sifa zinazofanana neno kwa neno.

Wakati ndio kiini cha tatizo. Katika makala nyingi za fani hii dawa huanza kabla ya sumu, siku kadhaa au wiki nzima, au huanza siku moja nayo. Dawa inatangulia jeraha. Mwavuli umefunguliwa kabla ya wingu. Kisha kichwa cha makala kinasema kinga, jambo ambalo ni kweli, lakini aya ya mwisho inavuka taratibu hadi kwenye tiba, ikipendekeza kwamba dawa hii yaweza kuwafaa wanaume wenye ugumba. Huko ndiko fani inakovunjika. Mwanamume anayekwenda kwa daktari Likasi hatakutana na kobalti kesho. Amekutana nayo tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake. Kwake jeraha ndilo lililotangulia, na linaendelea wakati anameza kidonge. Hakuna kizimba kati ya vile vinne kinachomfanana.

Kuna wakati wa aina nyingine pia, wa mwili wenyewe. Mbegu ya kiume haitengenezwi kwa siku moja. Kwa panya mdogo wa maabara safari nzima ya kutoka seli mama hadi mbegu huchukua siku kama 35. Kwa panya mkubwa ni zaidi ya siku 50. Kwa binadamu hesabu ya zamani inasema siku kama 74, halafu mbegu hupita kwenye mrija wa kukomazia kwa siku nyingine kadhaa. Jaribio la wiki mbili, au hata la siku 28, linaisha kabla mbegu iliyoanza siku ya kwanza haijafika. Linaweza kutuonyesha waliokuwa njiani tayari. Haliwezi kutuonyesha kama chemchemi imerudi kutoa. Msimulizi ameondoka ukumbini kabla ya tendo la mwisho, na bado ameandika hitimisho.

Kuhusu wahusika nitasema zaidi, maana hapa uhakiki wa kifasihi unaona kitu ambacho takwimu hazikioni. Panya wa makala hizi ni mhusika bapa. Hana ukoo, hana historia, ana uzito kwa gramu na umri kwa wiki. Ubapa huo umekusudiwa, ili tofauti zote zitokane na dawa. Lakini una gharama. Kuna koo za panya wa maabara ambazo kadimi haidhuru korodani zao kwa urahisi. Wanasayansi walilijua hilo kwa muda mrefu, na mwaka 2005 kikundi cha Cincinnati, Marekani, kiliitambua jeni inayohusika, inayotengeneza mlango wa kuingizia madini ndani ya seli, nao mlango huo ndio kadimi inaoutumia. Kwa maneno mengine, ukichagua ukoo wa panya umechagua nusu ya mwisho wa kisa. Katika makala bora ukoo hutajwa na sababu ya kuuchagua huelezwa. Katika nyingi hutajwa tu, kama jina la mtaa ambao msimulizi hana haja nao tena.

Na kuna mhusika asiyeingia jukwaani: panya jike. Inashangaza, lakini makala nyingi zinazojitambulisha kuwa za ugumba hazimpandishi dume hata mmoja. Hupima uzito wa korodani, huhesabu mbegu, hutazama mwendo wake chini ya hadubini, humkata panya vipande na kumpaka rangi, na hakuna mahali ambapo mtoto anatarajiwa. Ugumba unapimwa bila uzazi. Nikisoma hivyo nafikiria nyumba za kwetu, ambako mambo yamepinduliwa. Ndoa ikikaa miaka bila mtoto, macho ya ukoo humgeukia mke. Mume huchelewa kupimwa, na wako wasiopimwa kamwe, ingawa sababu za upande wa mwanamume zinahusika katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili. Maabara imemwondoa jike kwenye kisa. Ukoo umemwondoa dume. Pande zote mbili zimekata jambo la watu wawili kuwa la mtu mmoja, na zote mbili zinatoa hukumu kwa ushahidi wa nusu.

Kwa mtindo, lugha ya fani hii ni kauli ya kutendwa toka mwanzo hadi mwisho. Panya walidungwa, walichinjwa, korodani zilitolewa, zilipimwa, picha zilipigwa. Hilo ni desturi ya sayansi yote na silichukii. Tatizo linakuja kwenye picha. Msomaji huonyeshwa mviringo mmoja wa mrija kutoka kila kizimba: wa kwanza umejaa seli zilizojipanga kwa tabaka kutoka ukutani hadi katikati, wa pili ni mtupu na umechanika, wa tatu umejaa tena. Picha ina nguvu kuliko jedwali, kama ilivyo kila mahali. Lakini korodani ya panya ina mamia ya mikato ya mirija ya kutazama, na kauli ya kutendwa haisemi nani alichagua mmoja huu, wala kama aliyechagua alijua ametoka kizimba gani. Dawa ya hilo ipo tangu zamani. Mwaka 1970 Svend Johnsen wa Denmark alitoa kipimo cha alama 1 hadi 10, ambapo mirija mingi hupewa alama mmoja mmoja na wastani ukachukuliwa. Mwaka 2010 ukatolewa mwongozo wa ARRIVE, unaowataka waandishi waeleze jinsi panya walivyogawanywa kwa bahati nasibu, kama msomaji wa sampuli alifichwa vizimba, na kwa nini idadi ya panya ni hiyo. Ukarekebishwa mwaka 2020. Ninaposoma makala ya aina hii natafuta kwanza sentensi moja inayosema kwamba aliyetazama kwenye hadubini hakujua anatazama kizimba kipi. Isipokuwapo, picha naiacha ilivyo na sihesabu kitu juu yake.

Zipo kazi zilizoandikwa kwa subira zaidi, na kwa bahati zilizo bora kwa Likasi ni miongoni mwazo, maana zinahusu kobalti yenyewe. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwalisha panya chakula chenye kobalti wakaona korodani zikizorota. Mwaka 1988 Pedigo, George na Anderson, wa Chuo Kikuu cha Tulane huko New Orleans, waliwapa panya kloridi ya kobalti katika maji ya kunywa. Tazama tofauti ya fani. Sumu haikudungwa mara moja. Ilinywewa kila siku, muda wa kama miezi mitatu, unaotosha mizunguko miwili ya mbegu na zaidi. Na jike aliletwa. Uwezo wa kuzalisha ulipungua kadiri siku na kipimo vilivyoongezeka, sambamba na uzito wa korodani na idadi ya mbegu. Mwaka 1992 kikundi hichohicho kilieleza kwa hadubini jinsi uharibifu unavyoenea, na mwaka 1993 Anderson na wenzake wakachapisha makala juu ya zinki inavyozilinda korodani za panya dhidi ya kobalti. Miaka 36 baada ya Pařízek, zinki ilikuwa imerudi, na kobalti imechukua kiti cha kadimi.

Nazithamini kazi hizi, na hata hivyo zina ukuta wake. Kipimo chake kilikuwa makumi ya miligramu za kobalti kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji kumeza zaidi ya gramu moja ya kobalti kila siku ili afanane na panya yule. Mkojo wa watu wa Katanga unahesabiwa kwa mikrogramu, yaani sehemu ya milioni ya gramu. Mtafiti anaongeza kipimo ili afupishe wakati: miaka 30 ya mwanadamu haiwezi kuingia katika maisha ya panya, kwa hiyo inakandamizwa. Huo ni ufupisho halali wa kisimulizi, kama mwandishi wa riwaya anavyopitisha miaka kumi kwa aya moja, ila mwandishi wa riwaya hadai kwamba ameionyesha miaka yenyewe. Tena Katanga hainywi kobalti peke yake. Mikojo ile ya mwaka 2009 ilikuwa na arseniki, kadimi, shaba, risasi na urani pia. Fani ya vizimba vinne inajua mhalifu mmoja kwa kila kisa.

Na zinki ilipovuka hatimaye kutoka kwenye kizimba hadi nyumbani kwa watu? Mwaka 2020 Enrique Schisterman na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA matokeo ya jaribio kubwa la Marekani: jozi 2,370 za wanandoa waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Nusu ya wanaume walipewa kila siku miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za asidi ya foliki kwa miezi sita. Nusu nyingine walipewa kidonge kitupu. Kundi la zinki lilipata watoto hai kwa asilimia 34. Kundi la kidonge kitupu, asilimia 35. Idadi ya mbegu, mwendo na umbo havikuwa bora. Kuvunjika kwa DNA ya mbegu kulikuwa kwingi kidogo kwa waliomeza dawa, asilimia 29.7 dhidi ya 27.2, na matumbo yao yalisumbuka zaidi. Mwaka huohuo jaribio jingine la Marekani, lililowapa wanaume mchanganyiko wa vitamini na antioksidanti nyingine, nalo halikuona mbegu kuwa bora.

Msomaji mwenye haki hatasema kwamba hayo yanawakanusha Pařízek na Anderson. Wanaume wale wa Marekani hawakuwa wamechaguliwa kwa sababu ya sumu ya madini, na zinki ya Prague ilikuwa ikijibu swali la kadimi. Kilichokanushwa ni ule mruko wa aya ya mwisho, kutoka panya aliyekingwa hadi mwanamume aliyeponywa. Makala za vizimba zimeuandika mruko huo mara nyingi mno hata umekuwa kama kibwagizo, unaoimbwa kwa sababu wimbo unaudai. Chupa za madukani zimeanzia kwenye kibwagizo hicho. Mchimbaji wa Kikula au Panda, mitaa ya Likasi, anayetoa pesa ya mahindi ya watoto wa dada yake ili anunue chupa hiyo ananunua aya ya mwisho.

Linganisha na maandishi ya aina nyingine yaliyotoka Katanga. Mwaka huohuo wa 2020, Van Brusselen na wenzake, wakiwamo watafiti wa Lubumbashi, walichapisha katika jarida la Lancet Planetary Health utafiti juu ya watoto waliozaliwa na kasoro mjini Lubumbashi. Waliwalinganisha na watoto waliozaliwa bila kasoro, wakapima madini, wakauliza kazi za wazazi. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote lilikuwa kazi ya baba: baba akiwa na kazi inayohusiana na madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa mara 5.5. Kisha wakaandika mipaka ya uhakika wao, kati ya 1.2 na 25.0. Upana wa mipaka hiyo ni mkubwa, na wameuweka wazi ukutani ili kila mtu auone. Kwa fani, hayo ni maandishi yasiyo na mwokozi. Hayana kizimba cha tatu. Baba yumo ndani ya kisa, mama yumo, mtoto yumo, mji umetajwa, na hitimisho halizidi kile kilichopimwa. Siwezi kuficha kwamba nayaheshimu zaidi, ingawa hayampi mgonjwa kitu cha kununua.

Sidai panya waachwe. Bila kizimba hatungejua kwamba kadimi huanza na mishipa ya damu, wala kwamba kobalti iliyonywewa miezi mitatu hupunguza uzazi wa dume. Nadai fani ibadilishwe ifanane na jeraha inalosema inalitibu. Sumu iwe ndogo, ya muda mrefu na ya mchanganyiko, kama ilivyo mto Panda. Dawa ianze baada ya uharibifu kuthibitishwa, na jaribio lidumu mzunguko mzima wa mbegu au zaidi. Jike aletwe, watoto wahesabiwe. Na kiongezwe kizimba cha tano, ambacho ndicho ninachokikosa zaidi katika maandishi haya: panya walioondolewa sumu na wasipewe dawa yoyote. Bila hao hatuwezi kujua kama nafuu iliyoonekana imeletwa na dawa au na maji safi. Kwa Likasi swali hilo lina uzito kuliko mengine yote, kwa sababu jibu lake linaweza kumhusu mwenye kiwanda na mwenye mamlaka ya maji kabla ya kumhusu mfamasia. Fani ya vizimba vinne, kwa kumwacha nje panya huyo wa tano, imelifanya tatizo la mazingira lionekane kuwa tatizo la kidonge.

Nawaomba watafiti vijana wa Lubumbashi na Likasi, ambao wako karibu na jeraha hili kuliko mtu yeyote wa Prague au New Orleans, wakijenge kizimba hicho cha tano na wachapishe kitakachotoka humo hata kama dawa itashindwa. Na wewe msomaji, ukiwa na mwenzio mnatafuta mtoto, nendeni hospitali wote wawili. Mwanamume afanyiwe spermogramu, yaani kipimo cha mbegu, na amweleze daktari kazi anayoifanya na mahali anapochota maji. Ukiandikiwa au ukiuziwa dawa ya mbegu, uliza swali moja kabla hujalipa: imejaribiwa kwa wanaume, au kwa panya waliopewa dawa kabla ya sumu?